Mfereji Nilioufuta

Mwalimu aliandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, na mkono wa kushoto aliuweka mgongoni kana kwamba anakagua mstari wa asubuhi. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote alikisoma kwanza kwa sauti, hata kama ndicho alichokibonyeza dakika moja iliyopita. "Hifadhi," anasema, ndipo anabonyeza. "Funga," anasema, ndipo anabonyeza. Tulimcheka sana kwa hilo na yeye alituacha tucheke. Nimeanza na kidole hicho kwa sababu ndicho kinachonisuta. Mtu anayesoma kitufe kwa sauti kabla ya kukigusa hawezi kufuta kazi ya miaka yote ile kwa bahati mbaya. Nilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, na bado nilimwacha kwa miaka miwili aamini kwamba ni yeye aliyeifuta. Aliyeifuta ni mimi.

Nitamwita Mwalimu tu. Pale mtaani kwake Sekei alikuwa na jina lake, na kanisani jina na cheo, lakini sisi aliotufundisha Jiografia hatukuwahi kulitumia, na sioni haki ya kuanza kulitumia kwenye habari kama hii.

Darasani alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kitu kikiharibika, hakuuliza nani. Aliandika kwenye kona ya juu ya ubao neno "Nafasi", akalizungushia mstari, kisha akaendelea na somo. Nafasi hiyo ilikuwa ya aliyeharibu, asimame mwenyewe akiwa tayari. Elibariki, ambaye sasa ana duka la vipuri Kisongo, aliwahi kuangusha tufe la dunia la shule likabonyea upande wa Atlantiki. Mwalimu alimwona kwa macho yake kupitia dirishani, na sote tulijua kwamba amemwona. Alitufundisha mvua za masika siku tatu nzima, tufe lililobonyea likiwa mezani, akiligeuza taratibu bila kutaja kilichotokea. Siku ya tatu Elibariki akasimama katikati ya kipindi akasema, "Ni mimi, Mwalimu." Mwalimu akafuta lile neno ubaoni kwa kiganja. "Kaa," akasema. "Sasa tuendelee." Hakukuwa na fimbo wala barua kwa mzazi. Elibariki mpaka leo anasema angependelea fimbo.

Mchezo wetu nao ulizaliwa kwenye somo. Mwalimu alipotaka tuelewe mto unavyogawanywa, alitugeuza watu. Wewe una migomba juu kabisa ya mfereji, wewe una nyanya katikati, wewe una mbuzi kule chini ambako maji yanafika yakiwa matope. Anaeleza mahali tulipo, anauliza, "Unafanya nini?", tunajibu, naye anaeleza kilichotokea kwa sababu ya jibu letu. Mitihani yetu haikuwa mizuri sana, lakini hakuna aliyesahau mfereji unavyofanya kazi.

Alipostaafu, wachache wetu tuliobaki mjini tukawa tunamwendea nyumbani Sekei Jumamosi saa kumi alasiri, mchezo ukaendelea mezani kwake. Kila mtu alikuwa na mhusika wake aliyeishi mwaka hadi mwaka. Mimi nilikuwa Mgawa Maji, mwanamke aliyekabidhiwa kusimamia zamu kwenye mfereji unaotoka mlimani hadi tambarare. Maji yalikuwa yanapungua, na hakuna aliyejua ni nani anayeyaziba huko juu msituni. Hicho ndicho kilichokuwa kisa, na kwa kisa hicho kimoja alitushika miaka.

Elibariki ndiye aliyemwambia kwamba jambo hili linachezwa dunia nzima, lina vitabu vinene na dadu lenye pande ishirini. Mwalimu alifurahi kidogo na kuudhika kidogo, kama mtu aliyejichimbia choo chake mwenyewe halafu akaambiwa jirani anacho tangu zamani. Akauliza kama hao wenzetu nao wana mfereji. Elibariki akasema wana mazimwi. Mwalimu akasema basi bado wako nyuma.

Dadu hakulitaka mezani. Yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kuonekana na dadu hata kama ni la kuamulia maisha ya mbuzi aliyechorwa. Badala yake alikuwa na kopo la zamani la kahawa lenye punje za mahindi na buni zilizochanganywa. Ukitaka kufanya jambo la hatari unaingiza mkono bila kuangalia. Ukitoa hindi, umefaulu. Ukitoa buni, umekwama. Nilimuuliza kwa nini buni ndiyo shari, akaniambia niwaulize waliolima kahawa.

Na huyo huyo aliyehubiri kwamba bahati nasibu ni mlango wa shetani, hindi likitoka alipiga meza kwa furaha mpaka vikombe vinaruka. Alitufundisha subira na hakuweza kungoja chai ipoe. Kila Jumamosi aliungua ulimi na kila Jumamosi alimlaumu mama, mkewe, kwamba ameichemsha kupita kiasi. Alitukemea tukichelewa dakika tano, lakini yeye mwenyewe akianza kueleza mawingu yanavyojikusanya upande wa Meru, unaweza kwenda dukani ukarudi na mvua bado haijanyesha. Simu mezani alizikataza. Baadaye, kama nitakavyoeleza, yeye ndiye aliyeupenda mtandao kutushinda sote.

Sheria zake zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, mtu akikiri kwa mdomo wake jambo alilofanya, kopo halishikwi. Hakuna mwenzake anayeruhusiwa kuchota punje dhidi yake. Ya pili, zamu ya mtu asiyekuwepo haichukuliwi. Ukikosa Jumamosi moja, mhusika wako hafi, hapewi mwingine, na hakuna anayemwibia maji. Mwalimu aliweka punje moja ya hindi juu ya ramani pale ulipoachia, akasema, "Mwenyewe amelala. Maji yanamsubiri." Kwenye mifereji ya kweli ukilala zamu inakupita, alilijua hilo vizuri kwa sababu ana shamba Kikwe na amegombana na watu kwa ajili ya zamu. Ndiyo maana, alisema, mahali pamoja duniani pawepo ambapo haikupiti.

Ulipokuja ugonjwa wa corona, watalii walikatika na ofisi yetu ya kupokea wageni ikaturudisha nyumbani. Nilikuwa na muda kuliko akili. Nikagundua majukwaa ya mtandaoni wanakochezea michezo ya namna hii: ramani iko katikati ya kioo, kila mtu anaiona akiwa kwake, na dadu linajirusha lenyewe. Nikafungua ukumbi, nikauita Mfereji. Niliufungua kwa anwani yangu, kwa hiyo mwenye ukumbi nilikuwa mimi. Hakuna aliyeliwaza hilo wakati huo, hata mimi.

Nilimfundisha Mwalimu kwenye baraza yake, tumevaa barakoa, kwa wiki tatu. Nilidhani atakata tamaa. Badala yake aliniuliza kama lile dadu linarushwa na mtu. Nikamwambia hapana, ni hesabu za mashine. Akafikiri. Akasema kama hakuna aliyelishika, basi si kamari. Siku iliyofuata mama aliniambia amemkuta sebuleni peke yake analirusha lile la pande ishirini, anajiandikia matokeo kwenye karatasi, na kila likitoka ishirini anasema asante.

Halafu alianza kuhamisha madaftari. Yalikuwa kumi na moja, yameandikwa kwa wino wa bluu, vijiji vyote, ukoo wa kila mhusika, ugomvi wa nani na nani, mwaka mvua ilipokosa. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita, alikaa na kidole chake. Karibu mwaka mzima. Siku alipomaliza alinipigia simu kuniuliza swali moja, na jibu langu ndilo la kwanza kati ya mambo ninayojutia.

"Massawe, huku kitu kinapotea?"

"Huku hakipotei, Mwalimu."

"Hata umeme ukikatika?"

"Hata umeme ukikatika."

Yeye na mama walikuwa wanajiandaa kuhamia Kikwe moja kwa moja, na nyumba ya kule ni ndogo. Basi madaftari mama akayatumia kuwashia jiko la mkaa. Alinieleza mwenyewe akicheka, kwamba ugomvi wa wafugaji wa chini ulimwivishia makande.

Miaka hiyo michezo hii ilienea mtandaoni kwa kasi. Watu walifungiwa ndani, wakajifunza, na hata walipofunguliwa wengi hawakutoka. Kundi letu lilikua tukawa saba. Alikuja Zuhura, muuguzi wa Mwanza ambaye hatujawahi kuonana naye ana kwa ana, wakaja wawili wa Dar na mmoja wa Dodoma. Jukwaa lenyewe lilikuwa likitoa taarifa kila baada ya muda, ni michezo ipi inachezwa zaidi, ipi inapanda, ipi inashuka. Nikawa nazifuata taarifa hizo kama wengine wanavyofuata ligi. Ule mkubwa wa mazimwi haukushuka kileleni. Chini yake kulikuwa na mwendo: ule wa wapelelezi na mizimu ulipanda, wa vyombo vya angani ukashuka, ukaja mwingine mpya wenye kelele nyingi, kila mtu akauzungumzia mvua moja, mvua iliyofuata hakuna anayekumbuka jina lake. Nilijua yote hayo. Nilijisikia mjuzi.

Nikamwendea Mwalimu na ushauri. Nilimwambia watu wanatafuta mazimwi, hawatafuti mfereji. Tukibadilika, wageni watakuja, tutajulikana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha namna watu walivyong'oa kahawa huko juu bei iliposhuka, wakapanda nyanya, nyanya zikawaozea sokoni, wakabaki wanamtazama jirani aliyechelewa kung'oa. "Mimi ndiye huyo jirani," akasema. Alicheka, mimi sikucheka.

Lakini msidhani hakujali. Kila taarifa mpya ilipotoka aliniuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie, "Sisi tuko wa ngapi?" Hatukuwemo kabisa. Kwenye duara la rangi linaloonyesha mgawanyo wa michezo tulikuwa ndani ya kipande chembamba cha kijivu kilichoandikwa "Mingineyo". Nilipomwonyesha nilitegemea atanywea. Alifurahi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Basi tumo," akasema. Toka siku hiyo akawa anafungua Jumamosi kwa kutusalimia, "Hamjambo, Mingineyo." Ningeweza kuridhika pale. Watu sita wengine waliridhika.

Mimi nilianzisha meza nyingine, ya mazimwi, Jumatano na Jumapili, na watu nisiowajua. Walikuja wengi. Wengine walikuwa wanakaa tu kutazama, na ile namba ya watazamaji pembeni ya kioo ilinipa kiburi ambacho sikuwahi kukipata kwa kugawa maji. Jumamosi nikaanza kuwa na udhuru. Elibariki alikuwa na msiba, Zuhura alikuwa na mitihani ya kujiendeleza, mimi nilisema nina kazi za ofisi. Wale wengine walipoona tumepungua nao wakapungua. Jumamosi tatu mfululizo hatukukutana.

Ijumaa moja mchana nikiwa ofisini nilitaka kupandisha ramani za pango kwa ajili ya Jumapili. Jukwaa likaniambia nafasi imejaa. Mtu asiyelipia anapewa nafasi ndogo, na niliyokuwa nayo ilikuwa imemezwa na Mfereji, kwa sababu Mwalimu alikuwa amepandisha picha kubwa ya kila ramani aliyochora kwa mkono. Nikaufungua ukumbi kuangalia kama kuna cha kupunguza. Nilichokiona ni maandishi ya mwisho. Zile Jumamosi tatu ambazo sisi hatukuwepo, yeye alikuwepo. Saa kumi kamili, kila Jumamosi, ameandika: "Mgawa Maji amelala. Maji yanamsubiri." Halafu ya Elibariki, ya Zuhura, mpaka wote sita. Halafu mstari mmoja wa mvua, kwamba bado haijanyesha.

Nilisoma. Ningependa kusema sikusoma. Nilianza kunakili maandishi ili nimtunzie, nikanakili kurasa tatu, wageni wawili wakaingia kuuliza safari, nikawahudumia, niliporudi nikaona kazi ni ndefu. Nikajiambia kundi limekwisha lenyewe. Nikajiambia anayo madaftari. Nilijua madaftari yako wapi. Nilicheka na mama yalipochomwa. Kitufe cha kufuta nilikibonyeza, jukwaa likaniuliza kama nina uhakika. Ili kuonyesha nina uhakika ilibidi niandike jina la ukumbi lote. Nikaandika, herufi kwa herufi, Mfereji.

Kesho yake saa kumi na dakika mbili simu zetu zikalia, ujumbe kwenye kundi letu la simu. Aliandika hivi: "Wapendwa, nadhani nimebonyeza kitu. Mfereji haupo. Nisameheni sana." Zuhura alituma sauti, analia. Elibariki akamtania kwamba uzee haupigi hodi. Mimi niliandika, "Pole Mwalimu, mambo ya mtandao hayo." Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi.

Jioni hiyo alinipigia. Alitaka kujua alibonyeza nini, kwa sababu alikuwa amejaribu kukumbuka kila kitufe alichokisoma na hakuna hata kimoja kilichosema futa. Aliniuliza kama inawezekana mtu akasoma neno moja na kidole kikaenda kwingine. Nikasema labda. Akaniambia asante kwa kutomficha.

Mwezi uliofuata walihamia Kikwe, na mimi nikashika mazimwi yangu. Yalidumu miezi minane. Watazamaji wakahamia kwenye mchezo mwingine uliokuwa unapanda, meza ikabaki na watu wawili wanaobishana, nikaifunga. Sikujisikia kitu. Kwenye jukwaa bado nina nafasi kubwa tupu, na sijui niweke nini.

Mama nilikutana naye mwaka huu kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, ameshika mkungu wa ndizi alioununua. Nilimwamkia, nikamuuliza Mwalimu anaendeleaje. Akasema mwili mzima, hana ugonjwa, ila siku hizi hagusi kitu. Kompyuta aliigawa kwa ofisi ya usharika. Ukatibu wa baraza la wazee aliuacha, akawaambia mkono wake si wa kuaminiwa na kumbukumbu za watu. Simu yake anaishika mama. Ikilia anaomba asomewe.

"Hata redio," mama alisema, "ananiambia niwashe mimi. Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unamfundisha. Ni nini kilichomtokea mtu huyu?"

Nilimwambia nitakuja kumsalimia. Ilinichukua wiki tano zaidi.

Nilifika Kikwe Jumamosi, saa tisa na nusu, na karatasi tatu ndani ya bahasha, zile kurasa nilizonakili. Mama akanielekeza shambani. Nilimkuta Mwalimu kwenye maharage, suruali ameikunja, amevaa buti za mpira na, sijui kwa nini nilishangaa, tai. Ilikuwa zamu yao ya maji. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaniambia maji yana saa na jembe lina mkono mmoja tu, nisubiri au niseme huku akifanya kazi. Alikuwa anafungua tuta, anaruhusu maji yaingie mstari mmoja wa maharage, anaziba, anafungua wa pili. Kwa jembe mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kuanza na habari za ofisi, za Elibariki, za corona ilivyotubadilisha. Nilipoona anaziba tuta kwa uangalifu ule, yakanitoka.

"Mwalimu, haikuwa wewe. Mfereji niliufuta mimi. Nilitaka nafasi ya ramani zangu."

Aliendelea kuvuta udongo. Nilimweleza Ijumaa ile yote, wageni wawili, kurasa tatu, nikamwambia nilisoma alichoandika kuhusu Mgawa Maji kabla ya kufuta. Nikamwambia ile "labda" yangu ya kwenye simu ilikuwa uongo. Maji yalifika mwisho wa mstari, akaufunga, akafungua mwingine. Ilipotimia saa kumi jirani yake alisimama ng'ambo na jembe begani. Mwalimu akaziba mlango wa shamba lake, akampungia mkono, maji yakaenda kwa yule mtu. Ndipo akanigeukia.

"Lile jukwaa linauliza jina, siyo? Kabla ya kufuta."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ukaandika lote?"

"Lote."

"Basi hukuteleza," akasema.

Hakusema zaidi. Alinawa mikono kwenye mfereji, kidole kimoja kimoja, tukarudi nyumbani yeye akiwa mbele. Nilimpa ile bahasha njiani. Aliipokea, akaitia mfukoni bila kuifungua. Barazani tulikaa kwenye benchi. Mama alituletea chai, akaona nyuso zetu, akasimama palepale na birika. Mwalimu akamwambia amletee simu yake.

Mama alidhani kuna ujumbe wa kusomewa, akaanza kuvaa miwani. Mwalimu alimnyoshea mkono mpaka akampa. Aliiweka simu juu ya goti, mkono wa kushoto akaupeleka mgongoni, na kile kidole kikatoka. Aliandika taratibu sana. Nilikuwa natazama chini, sikuona anachoandika, nikasikia tu alipofika mwisho.

"Tuma," akasema, ndipo akabonyeza.

Simu yangu ililia ndani ya mkoba. Niliitoa. Kwenye lile kundi ambalo halikuwa na neno kwa miezi, alikuwa ameandika: "Wapendwa. Aliyefuta Mfereji si mimi. Nimehakikisha leo."

Majibu yalianza kuingia moja baada ya jingine. Elibariki aliandika kwamba ameacha mteja dukani. Zuhura akaandika, "Mwalimu, sasa ni nani?" Mwalimu alilisoma swali hilo kwa sauti, kama alivyosoma kila kitu, kisha akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya benchi. Akamgeukia mama, akaanza kumweleza kwamba mistari miwili ya chini haijapata maji ya kutosha, na kwamba yule jirani afadhali angesogeza mlango wake hatua tatu kuelekea mgomba mkubwa kwa sababu pale udongo unamomonyoka. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, mkono ukichora hewani. Alikuwa anafundisha. Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Niliandika, "Ni mimi, Massawe. Niliufuta kwa makusudi, nikamwacha Mwalimu abebe." Nilifuta "kwa makusudi". Nikayarudisha. Nilikitafuta kitufe cha kutuma na nikakuta nimekisoma kwa mdomo wangu kabla ya kukigusa.

Simu ya Mwalimu ikatetemeka kwenye ubao wa benchi. Aliacha habari za udongo, akaigeuza, akasoma, safari hii kimya. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno yale. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimesimama, sijui tangu saa ngapi, na simu nimeishika kwa mikono yote miwili kifuani.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nikangoja aseme sasa tuendelee. Hakusema. Alikunywa chai yake, ambayo kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ilikuwa imepoa, akainuka akaingia ndani, akatuacha mimi na mama barazani. Baada ya muda kidogo tukamsikia peke yake sebuleni akisema, "Washa," na redio ikaanza.